Kwa nini sahihi ya kipa wa tatu ni ngumu kuipata kuliko ya nyota?

#1 Kadi_za_Leipzig
Wakuu, salaam.

Naishi Leipzig na nakusanya kadi za wachezaji zenye sahihi, hasa wale ambao majina yao hayajulikani nje ya mji wanakochezea. Kwa wasiojua utaratibu wa Ujerumani: klabu za Bundesliga, daraja la pili, la tatu na hata chini ya hapo huchapisha kila msimu kadi za wachezaji wao. Wanaiita Autogrammkarte. Picha iko mbele, ukubwa wa kawaida ni sentimita 10 kwa 15, na tangazo la mdhamini halikosekani. Haiuzwi. Unaiandikia klabu barua, ndani unaweka bahasha ya kurudishia yenye anwani yako na stempu, unasubiri. Mchezaji anasaini, inarudi. Nahodha anayo yake, na kipa wa tatu ambaye hatagusa nyasi msimu mzima naye anayo yake.

Hoja yangu ni hii. Sahihi ya nyota unaipata siku yoyote ukiwa na hela. Fungua mnada wa mtandaoni, zimejaa tele. Lakini mtafute beki aliyekaa benchi nusu msimu kisha akashushwa daraja la nne. Miaka inapita hujaona hata moja, na siku ikitokea inauzwa bei ya soda. Ni adimu, na bado haina thamani sokoni. Kwa nini?

Mfano ulio karibu na sisi ni Yussuf Poulsen, ambaye baba yake alikuwa Mtanzania wa Tanga. Alitua RB Leipzig mwaka 2013 akitokea Lyngby ya Denmark, ana miaka 19, klabu ikiwa daraja la tatu. Kadi zake za kuanzia 2016, walipopanda Bundesliga, nazikuta hata kwenye masoko ya mitumba hapa mjini. Ya msimu wa 2013/14 ninayo moja tu. Kona ya chini kulia imepinda, na sahihi imeandikwa taratibu, herufi moja moja. Za miaka ya baadaye ni mkwaju mmoja na mkia.

Leteni maelezo.

#2 Msomaji_Kimya
Naweka kigoda hapa. Kumbe kuna vitu vya bure Ulaya!

#3 Hesabu_Kali
Mkuu, jibu lako ni ugavi tu. Nyota ana mkataba na kampuni. Topps au Panini wanamtumia mafurushi ya stika angavu, anakaa mezani anasaini mamia kwa mkao mmoja, kisha kampuni inazibandika kwenye kadi na kuzipa namba: 1 kati ya 99, 1 kati ya 25, na kadhalika. Asipozirudisha kwa wakati, ndani ya pakiti wanaweka kadi yenye namba ya siri ili mnunuzi aje kudai yake baadaye. Yaani kuna kiwanda kizima kinachozalisha sahihi zake.

Kipa wako wa tatu hajatumiwa stika hata moja. Sahihi zake zote duniani ni zile alizoombwa getini au kwa barua. Usishangae kwamba hazionekani.

#4 MzeeWaGenk
Naomba kutofautiana na #1 na #3, wote wawili.

Mimi niko Limburg, Ubelgiji, na naenda mazoezini tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Mchezaji asiyejulikana ndiye rahisi kuliko wote. Nyota anatoka na gari lenye vioo vyeusi, anapunga mkono, kwaheri. Yule kijana wa akiba anasimama, anakuuliza jina lako, anauliza kama unataka tarehe. Samatta alipofika Genk Januari 2016 kutoka TP Mazembe, nani alimjua hapa? Alikuwa anasimama na kila mtu. Msimu wa 2018/19, walipochukua ubingwa na yeye akifunga mabao 23 ya ligi, ukuta wa watoto ulikuwa unamzunguka kabla hajafika kwenye gari.

Kwa hiyo si kwamba ni adimu. Ni suala la muda. Wakati yuko pale, hakuna anayemtaka. Akishaondoka ndipo wanaanza kumtafuta, na hapo kadi za msimu ule zimeshaisha au zimetupwa. Januari 2020 Samatta akaenda Aston Villa, Mwafrika Mashariki wa kwanza EPL, na mara wenzangu wa hapa wakaanza kupekua masanduku.

#5 Bujumbura_Boy
Mzee wetu, heshima kwako, ila hapo mwisho parekebishwe. Gaël Bigirimana, mzaliwa wa Bujumbura, alikuwa Newcastle tangu 2012. Victor Wanyama akaingia Southampton 2013. Samatta ni Mtanzania wa kwanza, siyo Mwafrika Mashariki wa kwanza.

Na huyo Bigirimana ndiye mfano mzuri wa uzi huu. Coventry, Newcastle, Motherwell, kisha 2022 akaja Yanga. Mtu huyohuyo, sahihi hiyohiyo, kwenye ligi ambako kadi zinauzwa madukani na kwenye ligi ambako hakuna kadi kabisa. Ukiwa na kadi yake ya kule England, ungeweza kwenda nayo mazoezini Dar. Sijui kama kuna aliyefanya hivyo.

#6 Mama_Nuru
Nawasalimu wote. Hakuna aliyegusa dirisha dogo bado.

Picha za kadi na za stika hupigwa kabla msimu haujaanza. Anayehamia Januari anakuta mambo yameshachapwa. Samatta kwenda Villa ilikuwa dirisha dogo. McDonald Mariga kwenda Inter ilikuwa dirisha dogo la 2010, na msimu ule Inter wakabeba mataji matatu. Mchezaji wa namna hiyo anaweza kuwa bingwa wa Ulaya na asiwemo kwenye albamu ya msimu wake. Akihama tena kiangazi, ndiyo basi.

Na wachezaji wa kiwango cha kati ndio wanaohamahama zaidi: mkopo huku, miezi sita kule. Nyota anakaa miaka mitano klabu moja, anapata kadi tano. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa, si hizo stika za #3.

#7 Kadi_za_Leipzig
Mama Nuru, umegusa penyewe. Kwenye seti nilizonazo za klabu mbalimbali, waliokuja Januari wanajulikana kwa jicho tu. Mandharinyuma ya picha ni tofauti, taa ni tofauti, mara nyingine jezi imevaliwa juu ya tisheti ya mazoezi kwa haraka. Klabu ndogo wala hazihangaiki kuchapa. Kijana anasaini kwenye karatasi yoyote iliyopo.

Lakini hapo hujajibu kuhusu kipa wa tatu aliyekuwepo tangu Julai. Kadi yake ilichapwa pamoja na za wengine.

#8 Mwana_wa_Chumbageni
Kaka wa Leipzig, tupia picha ya hiyo kadi ya 2013! Sisi Tanga tunamfuatilia Yussuf kama ndugu. Kombe la Dunia 2018 jezi yake ya Denmark iliandikwa Yurary mgongoni, jina la upande wa baba, ambaye alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Watu hapa walisimama kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira wakapiga makofi.

Swali langu: mtu aliye Tanga anatumaje barua hizo? Stempu ya Ujerumani naitoa wapi?

#9 Kadi_za_Leipzig
Mdogo wangu, hilo linawezekana. Posta ya Ujerumani inauza stempu za kuchapisha mwenyewe, zinaitwa Internetmarke. Unalipia mtandaoni, unachapa kwenye bahasha ya kurudishia au unabandika juu yake. Barua ya kawaida kwenda nje ya Ujerumani kwa bei ya 2025 ni yuro 1.25, mwisho gramu 20. Kadi mbili na bahasha haziwezi kuzidi hapo. Ndani ya nchi ni senti 95. Chukua bahasha ya C6, kadi inaingia bila kukunjwa, weka na kipande cha kadibodi nyembamba nyuma yake.

Barua yenyewe iwe fupi na ya mkono. Andika umemwona akicheza mechi gani, au kwa nini yeye. Usiandike orodha ya majina kumi. Klabu inajua hiyo ni ya kwenda kuuzwa. Mtaje mmoja, wawili wakizidi. S.L.P. yako iandike wazi na neno TANZANIA kwa herufi kubwa mstari wa mwisho.

Na Yussuf ameshahamia Hamburg tangu 2025, kwa hiyo usiandike Leipzig. Picha nitaweka jioni kukiwa na mwanga mzuri wa taa.

#10 Mwenye_Shaka
Haya yote sawa, lakini nani anawahakikishia kwamba ni mchezaji aliyesaini? Kwenye klabu moja ya daraja la chini, ambayo siitaji, mtu wa ofisini alinipa seti nzima ya kikosi na sahihi zote zilikuwa za kalamu moja, mlalo mmoja. Kwa nyota kuna kampuni za kuthibitisha. Kwa hawa wenu wasiojulikana utalinganisha na nini?

#11 Fundi_Karatasi
Naingia hapa kwa sababu kazi yangu ni uchapaji, miaka mingi sasa.

Kwanza tenganisha vitu vitatu: sahihi iliyochapwa kiwandani, sahihi ya mashine, na sahihi ya mtu mwingine.

Iliyochapwa ni rahisi kuikamata. Chukua lenzi ya kukuzia, hata ile ya fundi saa. Picha ya kadi imeundwa kwa vidoti vya rangi nne. Kama mstari wa sahihi nao umeundwa kwa vidoti, au umekaa ndani ya picha na haupiti juu yake, basi umechapwa pamoja na kadi. Wino wa mkono hauna vidoti. Kisha inamisha kadi pembeni ya taa: wino wa kalamu ya maka unang'aa kwa namna yake, na pale mistari inapokatana unaona rangi imekolea zaidi kwa sababu wino umepita mara mbili. Klabu nyingi za Ujerumani huchapa kadi zenye sahihi tayari, kwa hiyo mnunuzi wa mtandaoni anauziwa kadi ya bure akidhani ni ya mkono. Chunguza.

Ya mashine inatambulika ukiwa na mbili. Ziweke moja juu ya nyingine dirishani. Mkono wa mtu hauwezi kurudia sahihi sawasawa kwa kila kona. Mashine inarudia.

Ya mtu mwingine ndiyo kazi, na hapo #10 ana hoja. Mtunza vifaa, kaka, mchezaji mwenza anayefanya hisani. Dawa yake ni kupata moja uliyoiona ikisainiwa kwa macho yako, au video ya mchezaji akisaini, halafu unaangalia anaanzia wapi, anainua kalamu wapi. Umbo si la kutegemea sana kwa sababu linabadilika na haraka. Mpangilio wa mkono ndio unaobaki.

La mwisho ni wino, maana naona mnapoteza kadi nzuri. Kadi zinazong'aa zina tabaka la juu linalokataa wino. Maka inapita, mstari unajigawa kuwa vitone. Kabla ya kuituma, pitisha raba nyeupe laini taratibu sehemu ya kusainiwa, au poda kidogo ya mtoto, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Ikishasainiwa usiikimbize kwenye mfuko wa plastiki. Iache wazi hadi ikauke kabisa. Plastiki laini za bei rahisi zenye harufu kali zinavuta wino, kadi inabaki na sahihi mbili, moja kwenye kadi na moja kwenye mfuko. Na jua ndilo adui mkubwa. Sahihi ya maka ukutani mkabala na dirisha inapauka mpaka inabaki kivuli cha kahawia.

#12 Hesabu_Kali
Fundi, asante, hii ibandikwe juu kabisa.

Ila kuhusu #10: nani atapoteza muda kughushi sahihi ya beki wa daraja la tatu anayeuzwa bei ya soda? Ghushi zinafuata hela. Ukiokota kadi ya mchezaji asiyejulikana yenye sahihi, uwezekano wa kuwa halali ni mkubwa kuliko ya nyota yeyote.

#13 Mwenye_Shaka
Anayeghushi kwa hela, sawa. Mimi nimezungumzia mtu wa ofisini anayetaka kumaliza rundo la barua aende nyumbani. Huyo hahitaji faida. Tena atawasainia hao wadogo, kwa sababu kwa nyota ataulizwa.

#14 Mbwa_Mwitu_wa_Kenia
Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi.

Munaongea Samatta bila kutaja Thomas Ulimwengu? Walikuwa pamoja hapa Mazembe. Ulimwengu alienda AIK ya Stockholm 2017, kisha Sloboda Tuzla kule Bosnia. Muda mfupi mfupi kila mahali. Mwenye sahihi yake kwenye kadi ya AIK ana kitu. Hapa Lubumbashi sahihi zake ziko kwenye jezi, kwenye madaftari ya shule, kwenye plasta ya mguu wa binamu yangu. Hakuna hata moja kwenye kadi, kwa sababu kadi hatuna.

Na ya zamani zaidi ni Kakoko Etepe. Alicheza Kombe la Dunia 1974 na Zaire, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenda VfB Stuttgart na Saarbrücken. Wazee hapa wanamheshimu sana. Ndugu wa Leipzig, kadi yake ya Stuttgart umewahi kuiona?

#15 Kadi_za_Leipzig
Bandugu, nimeiona kwa mtu, na hakukubali kuachana nayo kwa bei yoyote. Mzee wa Stuttgart huyo, ana sanduku la viatu limejaa misimu ya zamani, kila kadi ndani ya bahasha ya karatasi. Aliniambia enzi zile barua zilikuwa zinarudi ndani ya wiki.

#16 Msikiti_wa_Matrah
Assalaam alaykum kutoka Maskati. Nimekulia Zanzibar hadi ujanani.

Uzi mzuri. Nyie mnasema wachezaji wadogo hawachapwi sana. Mimi naenda mbali zaidi, walikuwa wanakatwa nusu. Tazameni albamu za Panini za Kombe la Dunia 1982 na 1986. Baadhi ya timu zilizoonekana ndogo, wachezaji wawili walibanwa kwenye stika moja. Brazil kila mtu na yake, wengine nusu kwa nusu. Sasa anayetaka sahihi anahitaji watu wawili wasaini kipande kimoja cha karatasi, na hao wawili leo wanaishi miji tofauti, au mmoja keshatangulia mbele ya haki. Hiyo stika ikiwa na sahihi zote mbili, wallahi, ni kazi kuliko Maradona.

Kwa Zanzibar, nani ana Adi Yussuf? Mzaliwa wetu, alilelewa Leicester, akacheza Mansfield, Grimsby na kwingineko.

#17 Dada_wa_Kikosi
Msikiti, Adi ninaye, lakini kwenye kitabu cha mechi, siyo kadi. England madaraja ya chini utamaduni ni kusainisha kitabu cha mechi, ukurasa wa kikosi. Kwa hiyo wanaosema "sahihi zake hazipo" wanatafuta kadi tu. Zipo, ila kwenye karatasi nyingine. Hilo nalo liongezwe kwenye orodha ya sababu.

Na naomba niseme, mmeandika ukurasa mzima bila mchezaji wa kike hata mmoja. Aisha Masaka, BK Häcken 2022, Brighton 2024. Opah Clement, aliyepita Uturuki. Wachezaji wa kike ndio watu wa uzi huu hasa: taaluma kamili, mashindano makubwa, na kadi chache mno zilizochapwa. Mimi ninapoandika barua naweka kadi niliyoitengeneza mwenyewe, picha niliyopiga mimi, nachapisha kwenye karatasi nzito isiyong'aa, sentimita 10 kwa 15 kama za Wajerumani. Natuma mbili na kumwambia moja abaki nayo. Majibu yanakuja, tena na maneno ya mkono. Mmoja aliniandikia kwamba ilikuwa kadi yake ya kwanza kuiona yenye uso wake.

#18 Mama_Nuru
Dada, hiyo ya mwisho imenigusa. Hongera kwa kazi.

#19 Hesabu_Kali
Nami nampongeza, lakini kwa mkusanyaji makini kadi ya kutengeneza nyumbani si kadi. Ni picha yenye sahihi. Tukianza kuzihesabu hizo, swali la #1 linapoteza maana.

#20 Dada_wa_Kikosi
Kwa nani linapoteza maana? Mchezaji kasaini kwa mkono wake, tarehe ipo. Stika ya plastiki iliyosainiwa hotelini, ikabandikwa na mfanyakazi wa kiwanda kwenye kadi ambayo mchezaji hajawahi kuigusa, hiyo ndiyo unaiita kadi halisi? Mimi nachagua ile aliyoishika.

#21 Nyumba_ya_Ingwe
Hapo amekushika, Hesabu!

Mimi ni wa Nairobi, Kakamega kwa asili. Mike Okoth hamjamtaja? Baba yake Divock Origi. Alicheza Oostende, kisha Genk aliyochukua nayo ubingwa wa Ubelgiji 1999. Mzee wa Genk aseme neno. Na Dennis Oliech: Nantes, Auxerre, Ajaccio. Auxerre alikaa miaka mingi na akacheza Ligi ya Mabingwa 2010/11. Stika zake za ligi ya Ufaransa ni rahisi kupata, nazo sahihi zake Nairobi si haba. Tatizo ni kwamba stika ziko Ufaransa na mkono uko Nairobi. Anayetaka aagize stika kwanza, ije, ndipo amtafute mwenyewe. Nafikiri nusu ya "uadimu" wenu ni umbali kati ya karatasi na kalamu.

#22 MzeeWaGenk
Okoth ninaye, na ni ya mkono. Alikuwa mtu wa watu. Mwanawe kila mtu anamtaka kwa sababu ya mabao yake ya Liverpool dhidi ya Barcelona na kwenye fainali ya 2019. Baba yake nikimtaja kwenye mabadilishano vijana wananiuliza ni nani. Kwangu kadi ya baba iko ukurasa wa kwanza wa albamu.

#23 Jangwani_Mpaka_Kufa
Mmeacha kumtaja Shabani Nonda, mtoto wa Yanga aliyechezea timu ya taifa ya Burundi na Monaco!

#24 Bujumbura_Boy
Angechezea Burundi tungefurahi sana. Alizaliwa Bujumbura, ila timu ya taifa ni Kongo. Yanga kweli alipita, kisha Afrika Kusini, Zürich, Rennes, Monaco, na aliingia fainali ya Ligi ya Mabingwa 2004 kutokea benchi.

#25 Jangwani_Mpaka_Kufa
La muhimu alipita Jangwani. Wa Msimbazi leteni wenu.

#26 Mnyama_Mkali
Tutaleta siku mkichapisha kadi. Ila nyie mkianza mtaishiwa karatasi, kila dirisha mnasajili kikosi kipya.

Tukiacha utani, kwa nini klabu zetu hazichapi? Gharama ya kadi elfu chache kwa mashine ya kisasa si kubwa kwa klabu yenye mdhamini, na mdhamini anapata tangazo kwenye kila kadi inayobaki nyumbani kwa mtu miaka ishirini. Wajerumani hawatoi bure kwa ukarimu, lile tangazo ndilo linalolipa.

#27 Fundi_Karatasi
Umesema kweli. Na wachape kwenye karatasi isiyong'aa, kuanzia gramu 250 kwa mita ya mraba, ili maka ishike. Anayetaka ushauri wa uchapaji anitafute, sitozi kwa hili. Nataka kuona kipa wa tatu wa Mtibwa au Coastal Union anapata kadi yake.

#28 Mpiga_Mnada
Nimesoma yote, nami nauza na kununua vitu hivi, kwa hiyo niseme upande wa soko.

Mnachanganya kuwa adimu na kutoonekana. Nikiwa na kadi ya beki asiyejulikana yenye sahihi, nikiiweka mnadani ikauzwa yuro moja, mnunuzi wa nje analipia posta zaidi ya bei ya kadi yenyewe. Nipige picha mbele na nyuma, niandike maelezo, nipange foleni posta? Siweki. Zinabaki kwenye boksi. Wauzaji wengi wako hivyo. Kuna maboksi yamejaa wachezaji ambao mnasema hawapatikani, na hamtayaona mpaka mwenyewe afariki na familia iuze kwa kilo. Kwa hiyo siyo uchapaji, siyo dirisha dogo, siyo stika za Topps.

#29 Kadi_za_Leipzig
Mpiga Mnada, hoja yako ni nzito, lakini haielezi kitu kimoja. Sisi wakusanyaji tunaotafuta hao wadogo tunafahamiana, tunabadilishana bila mnada. Orodha za "natafuta" tunazipitisha kwa barua pepe. Na humo pia majina yaleyale yanakosekana miaka yote. Kama maboksi yangekuwa yamejaa, yangevuja kidogo.

Nina dhana nyingine ambayo hakuna aliyeitaja: kadi ambazo hazikusainiwa. Klabu inachapa idadi ileile kwa kila mchezaji, msimu unaisha, za nahodha zimekwisha na ikabidi zichapwe tena, za kipa wa tatu zimebaki rundo zima ofisini. Msimu mpya una mdhamini mpya, jezi mpya. Rundo linakwenda kwenye taka za karatasi likiwa jeupe. Nimeona kwa macho yangu makasha ya aina hiyo nyuma ya jengo la klabu moja, kamba ya plastiki bado haijakatwa. Kwa hiyo ombi langu kwa kila mmoja hapa: msimu huu, andikia benchi. Nahodha ana watu wa kumwandikia.

#30 MzeeWaGenk
Naunga mkono ombi, dhana bado siikubali. Hapa Ubelgiji hatuna rundo hizo na hao wadogo bado hawapatikani.

#31 Mwana_wa_Chumbageni
Kaka, picha ya jioni bado tunaisubiri. Na anwani ya klabu ya Hamburg niiandike kwa Kijerumani au Kiingereza kinatosha? Bahasha na kadibodi ninavyo tayari.

#32 Kadi_za_Leipzig
Picha nimeiweka kwenye albamu ya wanachama. Anwani iandike kama ilivyo kwenye tovuti yao, neno Autogrammwunsch (yaani ombi la sahihi) juu kushoto. Barua kwa Kiingereza inatosha, na sentensi moja ya Kiswahili ukipenda, kwa mtoto wa baba wa Tanga.

#33 Waganda_wa_Salzburg
Nimechelewa. Nina Ibrahim Sekagya mbili za Red Bull Salzburg, zote za mkono, moja imepauka kidogo kwenye herufi ya mwisho. Natafuta Renatus Njohole wa Yverdon, Uswisi, kadi au karatasi yoyote iliyosainiwa akiwa kule. Dada wa Kikosi, nakupa iliyo nzuri bila kubadilishana ukinifundisha unavyozipanga hizo picha zako kabla ya kuchapa. Njoo faragha.